Zoloto laini la mtoto, na kazi ya leza

Mtoto mchanga akitoa mlio kila anapovuta pumzi, hapa Mombasa utasikia majina mengi: kifua, mafua, pumu. Lakini mlio wa pumu hutoka zaidi mtoto akishusha pumzi. Nyanya wengine watasema ni kimio, kikatwe. Kimio hakihusiki kabisa, na kukikata humwongezea mtoto kidonda, damu na hatari ya maambukizi.

Tatizo liko chini zaidi, kwenye zoloto, kisanduku cha sauti kilicho mlangoni mwa njia ya hewa. Gegedu zake, aina ya tishu ngumu kiasi kama ya sikioni, na nyama inayozizunguka huwa laini mno kwa baadhi ya watoto. Pumzi ikivutwa, huanguka ndani na kuziba njia, kama mrija laini unavyojibana ukinyonya dafu kwa pupa. Madaktari huita laringomalasia. Mlio huzidi mtoto akilia, akinyonya au akilala chali.

Wengi hupona wenyewe kabla ya kutimiza miaka 2. Upasuaji ni wa yule asiyeongezeka uzito, anayebonyea mbavuni kila pumzi, au anayekatika pumzi usingizini. Midomo ikigeuka buluu, usingoje kliniki ya kesho. Kimbilia chumba cha dharura saa hiyohiyo.

Katika upasuaji huo, shingo haikatwi. Mtoto hulazwa kwa nusukaputi, daktari akapitia mdomoni akitazama kwa darubini. Leza ya kaboni dioksidi, yaani mwali mkali unaokata, hunyonywa na maji, na nyama imejaa maji, kwa hiyo hukata juujuu huku ikifunga vimishipa vya damu. Kinachokatwa ni mikunjo mifupi inayokivuta kidakatonge (kifuniko cha zoloto, si kimio) nyuma, pamoja na nyama iliyozidi juu ya gegedu. Hukatwa kidogo tu, maana ukizidisha, kovu litaibana njia upya. Hatari nyingine ni moto: leza na oksijeni nyingi haviketi pamoja, ndiyo maana oksijeni hupunguzwa wakati miale inapopigwa.

Leza yenyewe, kwa maoni yangu, isikutie kiwewe. Ni kisu tu, na mikasi midogo hufanya kazi hiyohiyo vizuri. Cha kuuliza hospitalini ni kama daktari wa masikio, pua na koo amezoea watoto wachanga, na kama kuna kitanda cha uangalizi maalumu, kwa sababu koo huweza kuvimba usiku wa kwanza. Mlio unaweza kubaki kwa muda. Wewe angalia anavyonyonya na mizani inasema nini.