Mgonjwa wa dawa za kuchangamsha katika chumba cha dharura: dhana potofu na ukweli

Katika vyumba vya dharura vya Uganda, iwe katika hospitali ya rufaa au kituo cha afya cha ngazi ya nne, mgonjwa aliyezidisha mairungi (miraa), kokeini au methamfetamini huweza kuletwa akiwa ameshikiliwa na watu kadhaa, jasho likimtiririka. Baadhi ya yale tunayoyaamini kumhusu yanaweza kumdhuru kuliko dawa aliyoitumia.

Dhana: Mwenye fujo afungwe kwanza, matibabu yafuate.

Ukweli: Hatari imo katika kupambana kwenyewe. Misuli inayoshindana na kamba huzalisha joto na asidi, huanza kuvunjika na kumwaga katika damu vitu vinavyoharibu figo, na moyo ambao tayari unakwenda mbio unaweza kusimama ghafla, hasa akilazwa kifudifudi huku mtu akimkandamiza mgongoni. Inafaa mhudumu mmoja azungumze naye kwa upole, wasiohusika watoke, na apewe mapema diazepamu au dawa ya jamii hiyo, ambayo humtuliza, hupunguza kasi ya moyo na kuzuia degedege, huku pumzi yake ikiangaliwa. Ikibidi kumshika, iwe kwa muda mfupi, naye asilazwe kifudifudi. Klopromazini, dawa ya magonjwa ya akili ambayo huchomwa kwa mazoea, inaweza kushusha shinikizo la damu, kurahisisha degedege na kuuzuia mwili kupoa. Si dawa ya kuanzia.

Dhana: Mwili ukichemka, parasetamoli inatosha.

Ukweli: Joto hili hutokana zaidi na misuli inayofanya kazi bila kupumzika, wala si homa ya kawaida, kwa hiyo parasetamoli hailigusi. Likizidi nyuzi 40, mgonjwa avuliwe nguo, amwagiwe maji, apepewe na kuwekewa barafu ikipatikana, huku akiendelea kutulizwa. Kwa maoni yangu, kipimajoto ndicho kifaa kinachosahaulika zaidi katika purukushani hizi.

Dhana: Akikutwa na mairungi mfukoni, chanzo kimejulikana.

Ukweli: Majani ya mfukoni hayamkingi mtu na mbu. Malaria kali, sukari iliyoshuka, homa ya uti wa mgongo na jeraha la kichwa vyote huweza kumchanganya mtu akili, na kipimo cha sukari cha kidoleni hakichukui hata dakika mbili. Kipimo cha mkojo nacho kisitegemewe kupita kiasi: kinaweza kuonyesha dawa iliyotumiwa siku zilizopita, na kile cha amfetamini kinaweza kisiione kathinoni iliyomo katika mairungi.

Dhana: Kijana hapati ugonjwa wa moyo.

Ukweli: Kokeini hubana mishipa ya moyo hata kwa kijana, na mairungi pia yamehusishwa na mshtuko wa moyo. Maumivu ya kifua yapimwe kwa mashine ya umeme wa moyo.

Dhana: Naloksoni humzindua kila aliyezidisha dawa.

Ukweli: Hufanya kazi kwa heroini na jamii yake tu.

Dhana: Akilala usingizi mzito, amepona na aruhusiwe.

Ukweli: Uchovu mkubwa hufuata dawa inapoisha mwilini, na diazepamu huongeza usingizi, kwa hiyo pumzi yake iendelee kuhesabiwa. Akiamka anaweza kuwa na huzuni nzito. Aulizwe waziwazi, faraghani, kama anafikiria kujiua, na anayehitaji huduma ya akili apewe rufaa, kwa mfano katika hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili ya Butabika, kabla ndugu zake hawajaondoka naye.