Jonali ya diski na umeme unaokatika: dhana potofu na ukweli

Dhana: Kompyuta yenye jonali haipotezi kazi umeme ukikatika.

Ukweli: Jonali ni daftari dogo la diski ambamo mabadiliko huandikwa kabla ya kufanywa. Kinacholindwa ni mpangilio wa diski, wala si lazima iwe kazi yako. Mtazame karani wa chama cha msingi huko Tandahimba: kabla ya kugusa leja kuu, huandika katika daftari dogo kwamba magunia 12 ya korosho yametoka hesabu hii na kuingia ile, kisha hutia saini. Akikatishwa katikati (na msimu wa korosho hakosi wa kumkatisha), akirudi hulisoma daftari: andiko lenye saini hulikamilisha kwenye leja, lisilo na saini hulipuuza. Ndivyo ifanyavyo ext4, mfumo wa mafaili (utaratibu wa kupanga mafaili diskini) unaotumika sana katika Linux, mfumo endeshi wa kompyuta kama ilivyo Windows, kama ilivyofanya ext3 iliyoitangulia, ambayo iliingizwa katika Linux mwaka 2001. Saini hutiwa kila baada ya sekunde 5 hivi. Hata hivyo, katika mpangilio wa kawaida daftari hilo hubeba habari za mafaili tu, yaani majina, ukubwa na mahali vipande vilipo. Maneno ya barua yenyewe hayamo, na NTFS, mfumo wa mafaili wa Windows, nayo ni hivyo hivyo. Isitoshe, maneno hayo hukaa kwanza kwenye memori, na Linux isipoamriwa huweza kuyaacha humo kwa sekunde 30 au zaidi. Ndiyo maana mwenye steshenari pale Masasi huwasha kompyuta, akaikuta diski nzima, faili lipo, aya ya mwisho haipo.

Dhana: Ukishabofya kitufe cha kuhifadhi, umemaliza.

Ukweli: Hilo hutegemea aliyeiandika programu. Programu makini huandika nakala mpya pembeni, huiamuru Linux kwa amri iitwayo fsync iifikishe diskini, kisha ndipo huipa jina la faili la zamani, hivyo umeme ukikatika hubaki ama la zamani ama jipya, likiwa kamili. Programu inayofuta kwanza na kuandika baadaye huacha mwanya, na miaka ya mwanzo ya ext4 wapo waliokuta mafaili yao yana baiti sifuri, yaani matupu.

Dhana: Diski ikijibu kwamba imeandika, basi imeandika.

Ukweli: Diski nayo ina memori yake ndogo, na huweza kupanga upya mfuatano wa kuandika. Kwa hiyo Linux huipa amri ya kuandika diskini kilichomo kwenye memori hiyo kabla ya saini kutiwa. Anayeizima amri hiyo ili kompyuta iende kasi anaruhusu saini itangulie maandishi, na kwa maoni yangu ni heri kompyuta iende polepole.

Dhana: Flashi nayo inalindwa.

Ukweli: Flashi nyingi hutumia mifumo ya mafaili ya FAT32 au exFAT, na mifumo hiyo miwili haina jonali kabisa.