Gharama za saratani: yanayosemwa mtaani na hali ilivyo

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi nchini Tanzania, na wengi wao hufika Ocean Road, hospitali ya saratani iliyopo Dar es Salaam, wakitokea mikoani. Ninaandika nikiwafikiria hao, kwa sababu ushauri mwingi wanaopewa kuhusu pesa unawaumiza.

“Saratani hutibiwa bure, mgonjwa hahitaji hela.”

Ni kweli kwamba sera ya afya inawaweka wagonjwa wa saratani kwenye kundi la msamaha wa malipo katika hospitali za umma, na hilo limeokoa wengi. Lakini msamaha haulipi nauli. Mionzi ya saratani hii kwa kawaida hutolewa siku tano kwa wiki, kwa takriban wiki tano, kisha hufuata mionzi ya ndani, inayotolewa kwa kifaa kinachoingizwa mwilini karibu na uvimbe. Mama aliyetoka Kigoma hawezi kwenda na kurudi. Atapanga chumba au atakaa kwa ndugu, atakula, na siku asizoweza kusimama kwenye daladala atachukua bajaji. Mara nyingi atakuwa na mtu wa kumuuguza, na wote wawili hawaingizi kitu: genge limefungwa, shamba halijapaliliwa. Dawa au kipimo kikikosekana hospitalini, atakitafuta nje kwa fedha yake.

“Ukiishiwa, rudi nyumbani utafute hela, mionzi utaimalizia baadaye.”

Hili ndilo linalonitisha kuliko yote. Madaktari hulenga mionzi yote ya saratani ya mlango wa kizazi, ya nje na ya ndani, iishe ndani ya siku 56 hivi. Ikirefuka zaidi, uwezekano wa kuudhibiti uvimbe hupungua, maana seli zilizosalia hupata nafasi ya kuzaliana upya. Kwa hiyo nauli ya wiki ya nne ina uzito uleule wa dawa. Ndugu mnaochanga kwenye kundi la WhatsApp, pigeni hesabu ya wiki zote tangu mwanzo. Mchango mkubwa wiki ya kwanza, kisha kimya, unamwacha mgonjwa njiani.

“Bima ikishakuwepo, mambo yamekwisha.”

Bima hulipia yaliyomo kwenye kitita chake, yaani orodha ya huduma inazogharamia. Kodi ya chumba na ada za watoto hazimo.

“Kumwambia daktari huna hela ni kujidhalilisha.”

Hospitali kubwa zina afisa ustawi wa jamii, na kushughulikia misamaha ni kazi yake. Muone siku ya kwanza, ukiwa na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji. Na daktari mwambie wazi. Akijua, anaweza kuangalia kama kuna dawa mbadala ya bei nafuu yenye nguvu ileile, au kama kliniki za ufuatiliaji zinaweza kufanyika karibu na kwenu. Asipojua, ataona tu kwamba hukuhudhuria.

“Uzeni kiwanja, mpelekeni India.”

Kabla ya kuuza, ombeni maoni ya daktari wa pili hapa hapa nchini. Hata hospitali ya Bugando, Mwanza, mionzi inatolewa. Ulizeni pia bila woga: tiba hii inalenga kuponya au kupunguza mateso? Saratani ikiwa imesambaa sana, tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso, yenye morfini ya kunywa, ambayo ni dawa ya maumivu ya bei nafuu, hutuliza maumivu ya wagonjwa wengi bila kuvuka mpaka.