Pomboo wa Taiji: Dhana Potofu na Ukweli

Tangu filamu ya makala The Cove, iliyoongozwa na Louie Psihoyos, ipate tuzo ya Oscar mwaka 2010, mji mdogo wa Taiji katika mkoa wa Wakayama, Japani, umejulikana duniani kote kwa mauaji ya pomboo. Hata hivyo, mengi yanayosemwa juu ya mauaji hayo si sahihi, na baadhi yake husemwa na watu wanaowapenda wanyama hawa kwa dhati.

Dhana: Kamera za filamu hiyo zilifichwa kwa sababu uwindaji wenyewe ni haramu.

Ukweli: Wavuvi wa Taiji wana vibali, na serikali huweka kila msimu idadi ya pomboo wanaoruhusiwa kukamatwa kwa kila spishi. Kilichokatazwa ni kupiga picha katika ghuba ambamo pomboo huuawa, ndiyo maana watengenezaji wa filamu waliingia usiku na kutega kamera ndani ya mawe bandia. Hata usitishaji wa uwindaji wa nyangumi kibiashara, ulioanza kutekelezwa mwaka 1986, haukuwahusu pomboo. Linaloumiza zaidi ni kwamba damu ile yote humwagika kwa ruhusa ya sheria.

Dhana: Pomboo huwindwa kwa ajili ya nyama tu.

Ukweli: Wavuvi hupanga boti zao mstari, hutumbukiza vyuma virefu majini na kuvigonga, na pomboo, ambao hutegemea sana sauti kujua njia, huukimbia ukuta huo wa kelele mpaka ghubani, kisha nyavu hufungwa nyuma yao. Kabla ya kuchinja, huchaguliwa kwanza wanaofaa kwa mabwawa ya maonyesho, kwa kuwa pomboo mmoja hai aliyefunzwa huuzwa kwa bei kubwa mno kuliko nyama yake, nyama ambayo vipimo vimeikuta na zebaki nyingi. Ric O'Barry, aliyewafunza pomboo wa kipindi cha televisheni cha Flipper miaka ya 1960 kabla ya kugeuka mpinzani wa biashara hiyo, amelisisitiza jambo hili kwa miaka mingi, nami naona ndilo lililosahaulika upesi kuliko yote. Mwaka 2015 chama cha bustani za wanyama na akwaria cha Japani, kiliposimamishwa uanachama na chama cha dunia cha bustani hizo, kiliwazuia wanachama wake kununua pomboo wa Taiji. Wanunuzi wasio wanachama hawakuguswa.

Dhana: Hii ni mila ya karne nyingi.

Ukweli: Taiji imewinda nyangumi tangu miaka ya 1600. Kuwaswaga pomboo kwa boti za injini kwa utaratibu wa sasa kulianza mwaka 1969.

Dhana: Filamu ilikomesha mauaji.

Ukweli: Kila Septemba boti hutoka tena. Isitoshe, kati ya pomboo wapatao 23,000 ambao filamu ilisema huuawa Japani kila mwaka, wengi walikuwa jamaa zao wadogo waliochomwa kwa chusa katika bahari ya kaskazini, mbali na ghuba ile, mahali ambapo hapakuwa na kamera iliyofichwa.