Maana ya kupandisha toleo la mfumo endeshi kwenye kompyuta ya sebuleni

Neno "kuapdeti" limetwishwa mizigo mitatu tofauti. Fundi anaposema kompyuta inaapdeti, huenda anazungumzia marekebisho ya dakika chache yanayoingia kila mwezi, au kazi ya saa kadhaa inayobadili sura na tabia ya mashine nzima, au hata kile ambacho mitaani huitwa "kupiga Windows", yaani kufuta kilichomo na kuanza upya. Kusasisha ni kupokea marekebisho ndani ya toleo lile lile: tundu la usalama linazibwa, kasoro inaondolewa, na mtumiaji aghalabu haoni tofauti yoyote. Kupandisha toleo ni kuliacha toleo moja la mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiendesha mashine nzima, na kuhamia jingine, kama vile kutoka Windows 10 kwenda Windows 11 au, kwa Ubuntu ambayo ni aina ya Linux, kutoka 22.04 kwenda 24.04, huku mafaili, mipangilio na programu zikitarajiwa kubaki mahali pake. Kupiga upya hakuna tarajio hilo.

Tofauti hizi zina uzito wa pekee kwa kompyuta ya sebuleni, yaani mashine iliyounganishwa na televisheni kwa waya wa HDMI ili kucheza filamu, muziki na picha za familia. Mara nyingi huwa ni kompyuta ya mezani iliyostaafu kazi za ofisini, ikapachikwa diski kubwa na kufichwa nyuma ya kabati. Watu wa nyumbani hawaihesabu kuwa kompyuta hata kidogo. Kwao ni sehemu ya televisheni, na televisheni hutarajiwa kuwaka, kutoa sauti na kutii rimoti. Mashine ya kuandikia barua ikibadilika sura baada ya kupandishwa toleo, mwenyewe hulalamika siku mbili akazoea, lakini ile ya sebuleni ikipoteza sauti usiku wa mechi, nyumba nzima inajua.

Ili kuelewa kinachobadilika, ni vyema kuitazama mashine hiyo kama tabaka zilizopangana. Chini kabisa kuna mfumo endeshi. Juu yake zipo draiva, ambazo ni programu ndogo zinazouwezesha mfumo kuzungumza na kadi ya picha, kadi ya sauti na kipokezi cha rimoti. Kisha ipo programu ya kuchezea, kwa mfano Kodi. Na ndani ya programu hiyo imo hifadhidata inayokumbuka filamu zipi zimo, zipi zimetazamwa na ipi iliachwa katikati. Filamu zenyewe hukaa kando, kwa kawaida kwenye diski nyingine. Kupandisha toleo hubadilisha tabaka la chini, na tabaka za juu hazina budi kukubaliana na badiliko ambalo hazikuliomba.

Tabaka la draiva ndilo lenye visa vingi. Kompyuta nyingi za zamani zina prosesa dhaifu zisizoweza kuifumbua video nzito peke yake. Kazi hiyo hufanywa na saketi maalumu iliyomo ndani ya kadi ya picha, na saketi hiyo huamshwa na draiva inayoifahamu. Toleo jipya la mfumo endeshi likija bila draiva hiyo, picha itaonekana, ila mzigo wote utaiangukia prosesa, feni itavuma, na filamu itaenda kwa kukatakata. Mfano ulio wazi ni mashine ndogo zilizojengwa juu ya jukwaa la Nvidia Ion, zilizopendwa sana kwa kazi hii kuanzia mwaka 2009, kwa sababu prosesa yake ya Atom ilikuwa hafifu lakini saketi yake ya picha ilicheza video za ubora wa juu bila taabu. Saketi hiyo inategemea draiva za mfululizo wa 340, na Nvidia ilisitisha kuzihudumia mwishoni mwa mwaka 2019. Aliyepandisha mashine ya namna hiyo hadi toleo jipya la Linux alijikuta na mfumo wa kisasa usiojua kucheza filamu ambazo ule wa zamani ulizicheza bila shida.

Hapo ndipo neno "kupandisha" linapoanza kuleta utata, kwa maana linaahidi kwamba anayepanda hufika mahali bora zaidi. Historia ya Media Center ya Microsoft inaonyesha kwamba ahadi hiyo haina uhakika. Programu hiyo ilitoka mwaka 2002 pamoja na toleo maalumu la Windows XP lililotengenezwa kwa ajili ya sebule. Mwaka 2007 ikawamo katika baadhi ya matoleo ya Vista, na mwaka 2009 ikawamo katika matoleo mengi ya Windows 7. Katika Windows 8 ya mwaka 2012 ikageuzwa kuwa nyongeza ya kununuliwa kando. Windows 10 ilipotoka Julai 2015, haikuwamo kabisa, na aliyekubali kupandishwa bure kutoka Windows 7 aliondolewa Media Center yake pamoja na uwezo wa kurekodi vipindi ambao huenda ndio uliomfanya ainunue mashine hiyo. Kwa upande wa usalama alipanda; kwa upande wa kazi ya sebuleni alishuka. Kwa maoni yangu, swali la kuuliza kabla ya kupandisha toleo lolote ni kipi kitaondolewa, kwa kuwa vinavyoongezwa hutangazwa na watengenezaji wenyewe kwa sauti kubwa.

Programu ya kuchezea nayo ina matoleo yake, ambayo yanaweza kupanda pamoja na mfumo endeshi au pasipo mfumo huo. Kodi, iliyokuwa ikiitwa XBMC hadi mwaka 2014, ni mfano mzuri. Toleo lake la 19, lililotoka Februari 2021, lilihama kutoka lugha ya programu ya Python 2 kwenda Python 3, na viongezi vyote, yaani programu ndogo za kuiongezea Kodi uwezo, ambavyo waandishi wake hawakuviandika upya viliacha kufanya kazi siku hiyo hiyo. Mtu anayepandisha Ubuntu huweza kupata Kodi mpya bila kuiomba, kwa sababu ghala la programu la toleo jipya lina Kodi mpya pia. Akiona viongezi vyake vimenyamaza huulaumu mfumo endeshi, ilhali kosa liko tabaka mbili juu.

Kisa kingine ni cha njia za mafaili. Hifadhidata ya Kodi haihifadhi filamu. Inahifadhi anwani kamili ya mahali filamu ilipo. Iwapo diski ya filamu ilikuwa na herufi E na baada ya kazi ya fundi ikapewa herufi F, mabango yote ya filamu yataonekana kama kawaida, pamoja na majina ya waigizaji na muhtasari, lakini hakuna hata moja itakayocheza. Wengi hudhani filamu zimefutika na kuanza kulia kabla ya wakati, nazo zipo zote. Dawa yake ni kuirudishia diski herufi yake ya zamani. Kwenye Linux herufi hazipo, ila tatizo lipo kwa umbo jingine: diski hupachikwa kwenye folda, na folda hiyo ikibadilika jina, matokeo ni yale yale. Ndiyo maana wenye uzoefu huelekeza diski kwa namba yake ya utambulisho, ambayo haibadiliki hata waya ukihamishiwa tundu jingine.

Nyumba yenye televisheni zaidi ya moja huongeza fundo. Kodi huweza kuweka hifadhidata yake kwenye seva ya MariaDB, yaani programu ya hifadhidata inayofikiwa na mashine zote za nyumbani kupitia mtandao, ili filamu iliyoachwa katikati sebuleni iendelezwe chumbani. Hata hivyo, kila toleo kubwa la Kodi huunda hifadhidata yenye namba yake: toleo la 20 hutumia ile ya namba 121, na toleo la 21 hutumia ya namba 131. Ukipandisha mashine ya sebuleni peke yake, itanakili kumbukumbu za zamani kuziweka katika hifadhidata mpya na kuendelea nazo, huku mashine ya chumbani ikibaki kuandika kwenye ile ya zamani. Hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea. Vyumba viwili vitaacha tu kukumbuka mambo yale yale. Kwa hiyo mashine zote zenye hifadhidata moja hupandishwa pamoja, au zote huachwa.

Ipo mifumo ambayo karibu inayafuta matabaka haya. LibreELEC, iliyochipuka kutoka OpenELEC mwaka 2016, ni mfumo wa Linux uliopunguzwa hadi kubaki na kile tu ambacho Kodi inahitaji. Mfumo wenyewe umefungwa katika faili la kusomwa pekee, na mambo yote ya mtumiaji yamewekwa katika sehemu nyingine ya diski. Kupandisha toleo ni kuweka faili jipya katika folda maalumu na kuwasha mashine upya. Faili la zamani linaondoka, jipya linaketi mahali pake, na sehemu ya mtumiaji haiguswi. Mfumo na Kodi hupanda kwa pamoja: LibreELEC 11 ilikuja na Kodi 20, na LibreELEC 12 ikaja na Kodi 21. Kwa mashine isiyofanya kazi nyingine yoyote zaidi ya kucheza filamu, sijaona njia iliyo nyepesi kuliko hii, na ujazo wake haufiki GB 1, wakati Windows 11 hudai zaidi ya GB 5 za bando.

Katika Windows, kupandisha toleo juu ya lililopo hakuwezekani kila mara. Windows XP haikuweza kupandishwa moja kwa moja hadi Windows 7, na mfumo wa biti 32 (biti hapa ni kipimo cha data ambayo prosesa huishughulikia kwa mkupuo mmoja) hauwezi kugeuzwa kuwa wa biti 64 bila kupigwa upya. Windows 11 ni ya biti 64 pekee, nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, kumbukumbu ya GB 4, nafasi ya GB 64, na kwa upande wa Intel, isipokuwa chache, prosesa za kizazi cha 8 na kuendelea, ambazo zilianza kutoka mwaka 2017. Kompyuta nyingi zilizostaafu ofisini na kuingia sebuleni zimezaliwa kabla ya hapo. Zipo njia za kukwepa masharti hayo, na mafundi wengi wanazijua, lakini Microsoft haiahidi kuendelea kuzipa masasisho mashine zilizopandishwa kwa mlango wa nyuma.

Je, ni lazima kupanda? Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020 na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa kwa hii ya pili watumiaji wa nyumbani waliweza kujiandikisha kupata marekebisho ya usalama kwa mwaka mmoja zaidi. Mashine inayocheza mafaili yaliyomo kwenye diski yake tu, bila intaneti, inaweza kukaa na mfumo wa zamani kwa muda mrefu kuliko wauzaji wanavyotaka tuamini. Tatizo ni kwamba mashine ya sebuleni iliyojitenga kabisa ni adimu. Penye kivinjari kilichofunguliwa barua pepe au akaunti ya kulipia filamu, tundu lisilozibwa ni hatari ya kweli, na vivinjari navyo huiacha mifumo ya zamani nyuma: Chrome ya mwisho kukubali Windows 7 ilikuwa toleo la 109, la Januari 2023. Tena kwetu filamu husafiri kwa flashi kutoka duka la filamu hadi nyumbani, na flashi iliyopita katika kompyuta kumi haihitaji intaneti ili kuleta virusi.

Anayeamua kupanda ana maandalizi machache yasiyo na mbadala. La kwanza ni kunakili folda ya Kodi yenye mipangilio na hifadhidata, pamoja na picha za familia, kwenye diski ambayo itachomolewa kabla kazi haijaanza. La pili ni umeme: kompyuta ya mezani haina betri, na umeme ukikatika katikati ya kazi, Windows aghalabu hujaribu kurudi ilikotoka, wakati Ubuntu huweza kubaki na programu nusu mpya nusu za zamani zinazohitaji mtu anayejua amri za kuzinyoosha. Kutazama uniti za LUKU kabla ya kuanza si jambo la kuchekwa. La tatu ni sauti. Baada ya kupandisha mashine yangu, nilikaa jioni nzima nikiishuku televisheni, waya na kadi ya sauti, kabla ya kugundua kwamba mfumo mpya ulikuwa umeamua kupeleka sauti kwenye tundu la spika za kawaida, ambako hakukuwa na spika yoyote, badala ya HDMI.

Kurudi nyuma kunawezekana, ila kuna mipaka yake. Windows huuweka mfumo wa zamani katika folda iitwayo Windows.old na kumpa mtumiaji siku 10 za kubadili mawazo, kisha huifuta ili kukomboa nafasi. Kodi yenyewe haiifuti hifadhidata ya zamani inapounda mpya, kwa hiyo anayerudi toleo la nyuma ataikuta maktaba yake vile vile ilivyokuwa asubuhi ya siku aliyopandisha, na filamu zote zilizotazamwa tangu siku hiyo zitahesabiwa kuwa hazijawahi kufunguliwa.