Gari la dizeli halitunzwi kwa mwendo wa pole

Mjini Kigoma utaambiwa kwamba gari la dizeli lenye chujio la masizi hudumu likizungushwa taratibu, Mwanga hadi Ujiji na kurudi. Ni kinyume. Chujio hilo, lililo kwenye ekzosi, hunasa masizi kisha huyachoma lenyewe, na kazi hiyo huhitaji joto la nyuzi 600 hivi za Selsiasi. Safari fupi hazilifikishi huko. Mbaya zaidi, ukizima injini katikati ya uchomaji kila mara, dizeli ya ziada iliyopulizwa kuongeza joto huweza kuchuruzika hadi kwenye oili na kuifanya nyepesi.

Kwa hiyo taa ya chujio ikiwaka, na gari halijapoteza nguvu, toka nje ya mji ushike barabara ya Kasulu, dakika 20 au zaidi bila kusimamasimama. Isipozimika, tafuta chanzo: nozeli (zinazopuliza dizeli kwenye injini) zinazovuja, au tabochaja (inayosukuma hewa kwenye injini) iliyochoka. (Majivu ya oili yanayonaswa na chujio hayaungui kabisa, ndiyo maana oili yenye majivu machache si anasa.)

Na fundi anayetaka kulitoboa chujio? Atainyamazisha taa tu; nozeli itaendelea kuvuja, na moshi watauvuta bodaboda walio nyuma yako.