Afya ya kiufundi ya tovuti: maana yake na namna ya kuipima

Afya ya kiufundi ya tovuti ni uwezo wa kurasa zake kufikiwa, kusomwa na kuhifadhiwa na injini za utafutaji kama Google na Bing. Wengi huichanganya dhana hii na uandishi mzuri au uteuzi wa maneno yanayotafutwa na wateja, ilhali yenyewe hutangulia hayo yote, kwa kuwa ukurasa usiofikika hauwezi kushindana na mwingine hata ukiwa umeandikwa kwa ustadi wa namna gani.

Mtu anapouliza swali, injini ya utafutaji haianzi kuzunguka intaneti papo hapo. Ilikwisha kutuma programu zake, ambazo mafundi huziita roboti, zikafuata viungo kutoka ukurasa hadi ukurasa, zikasoma zilichokikuta, na kinachofaa kikawekwa katika faharasa, yaani hifadhi yake ya kurasa. Majibu hutolewa humo. Kupima afya ya tovuti, basi, ni kuchunguza ukurasa umekwama wapi: umeshindwa kufikiwa, umefikiwa lakini haukuhifadhiwa, au umehifadhiwa ila umepangwa nyuma mno.

Tuchukue mfano wa muuza samani wa Barabara ya Ngong aliyetengenezewa tovuti upya. Fundi, wakati wa ujenzi, aliweka katika kila ukurasa amri fupi ya noindex, inayoziambia injini zisiuhifadhi, na alifanya vyema, maana hakuna anayependa vitanda visivyo na bei vionwe na wateja. Siku ya uzinduzi akasahau kuiondoa. Mwenye duka akifungua anwani kwenye simu yake anaona kila kitu kiko sawa, lakini wiki zinavyopita wanaopiga kuulizia makochi wanapungua, naye anawashuku majirani kwamba wamepunguza bei. Kumbe angeingiza anwani ya ukurasa mmoja tu katika Search Console, huduma ya bure ya Google kwa wenye tovuti, angeelezwa waziwazi kwamba ukurasa huo haukuhifadhiwa kwa sababu ya amri hiyo. Mimi huanzia hapo kila ninapokagua tovuti, kabla ya kugusa jambo jingine lolote.

Amri hiyo isichanganywe na faili la robots.txt, utaratibu uliopendekezwa na Martijn Koster mwaka 1994 na kuchapishwa kama kiwango cha intaneti, RFC 9309, mwaka 2022. Faili hili huziomba roboti zisiingie katika sehemu fulani za tovuti, haliufichi ukurasa. Anwani iliyozuiwa humo bado inaweza kujitokeza katika matokeo, bila maelezo yoyote, ikiwa tovuti nyingine zimeweka kiungo cha kuielekea. Anayeuzuia ukurasa kwa robots.txt na papo hapo akaweka noindex ndani yake anajipinga mwenyewe, kwa sababu roboti iliyokatazwa kuingia haitaisoma amri hiyo. Ni kama kumpiga mgeni marufuku asivuke kizingiti, kisha kumwachia maagizo mezani sebuleni.

Tatizo jingine la kawaida ni ukurasa mmoja kuwa na anwani nyingi. Ukifunguka kwa http na kwa https, ukiwa na www na bila www, tayari ni anwani nne zenye maudhui yaleyale. Dawa yake ni kuchagua moja na kuzielekeza nyingine kwake kwa msimbo 301, unaomaanisha kuhama kwa kudumu. Ukurasa wa bidhaa iliyokwisha kabisa na isiyo na mbadala urudishe msimbo 404 (haupatikani) au 410 (umeondolewa). Tabia ya kuelekeza kila anwani iliyokufa kwenye ukurasa wa mwanzo haisaidii, kwani Google huweza kuihesabu kuwa ni 404 iliyojificha. Ramani ya tovuti, yaani orodha ya anwani unazotaka zisomwe, haina mengi: faili moja lisizidi anwani 50,000, nazo ziwe hai.

Kasi huzungumzwa kupita kiasi, ingawa ina uzito wake. Google hupendekeza kitu kikubwa kuliko vyote kinachoonekana ukurasa unapofunguka kiwe kimetokea ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso kwa milisekunde 200 au chini, na kipimo cha kurukaruka kwa vilivyomo kisizidi 0.1, vyote hupimwa kwa watumiaji halisi, na angalau asilimia 75 ya ziara zinapaswa kufikia viwango hivyo. Hapa ndipo ofisi nyingi za Nairobi hujidanganya: tovuti hujaribiwa kwenye laptopu yenye intaneti ya faiba kule Westlands, ilhali mteja yumo ndani ya matatu, ana simu ya bei nafuu na bando linalokaribia kuisha, na picha ya kabati yenye megabaiti nne haijafika hata nusu. Ipunguze picha hiyo, na uandike upana na kimo chake katika msimbo wa ukurasa ili kitufe cha kuagiza kisiteremke ghafla kidole kikiwa njiani. Isitoshe, Google husoma toleo la simu kwanza, kwa hiyo maelezo yaliyoondolewa humo ili kubana nafasi huenda yasihesabiwe hata kama kwenye kompyuta yapo.

Baada ya kurekebisha, omba ukurasa usomwe tena kupitia Search Console, kisha usubiri. Kusomwa upya huweza kuchukua siku kadhaa hadi wiki chache, na kurudia ombi hilohilo hakuharakishi chochote.